Paka Hakulia

Leo asubuhi nilimpeleka paka wangu kliniki ya wanyama huku Kisauni, akapasuliwa uvimbe wa tumboni. Dawa ya usingizi ilipomtoka, akajikunyata kimya.

"Alhamdulillahi, katulia," nikasema. "Nipeni niende naye."

Muuguzi, binti aliye bado mafunzoni, akanizuia kwa kiganja. "Ngoja, bibi. Huyu anasikia uchungu."

"Mbona halii?"

"Paka huuficha. Mtazame usoni: macho kayafinya, masikio yamelala pembeni. Ndivyo tunavyofundishwa kumsoma."

Akamdunga sindano ya kutuliza maumivu, tukangoja. Wallahi, masikio yale yakainuka, macho yakafunguka, paka akaanza kujilamba! Nikapiga kigelegele, mbwa waliofungiwa kando wakabweka wote.

"Nimemsoma sawasawa, bibi!" Binti aruka kama kaolewa.

Nikarudi nyumbani mbio. Mzee wangu yuko barazani, mkono gotini, macho kayafinya, kimya kama siku zote. Nami siku zote humsifu kwa utulivu wake.

"Goti lakuuma?" nikamuuliza.

Akashtuka. "Nani kakwambia?"

"Paka."

Kesho twaenda hospitali. Nanyi wenye waume wasiosema, hebu watazameni usoni.