Nilivyomshitaki Jirani kwa Kuoga Uwandani

Jumamosi moja ya Oktoba, saa tatu asubuhi, nilimkuta jirani yangu anaoga katikati ya majani.

Si mtoni. Si bwawani. Uwandani! Kajilaza ndani ya hodhi la chuma lenye miguu minne, moto wa kuni unawaka chini yake, kofia ya sufu kichwani, kikombe cha kahawa mkononi.

"Shemeji, umeamkaje?" akanisalimia. Utadhani tumekutana posta.

Nikageuza uso haraka. Halafu nikakumbuka niko kazini, nikageuka tena.

Naitwa Lorna. Naishi Vermont, kwenye kijiji chenye watu mia sita na ng'ombe zaidi ya hao. Mume wangu Alden alipofariki, miaka mitatu iliyopita, nilijiunga na chama chetu cha kutunza ardhi ili nisioze ndani. Ni kazi ya kujitolea. Chama kinamiliki uwanda wa ekari arobaini nyuma ya nyumba yangu, na sheria yake ni fupi: pasijengwe kitu, pabaki wazi milele. Kila mwaka mkaguzi anazunguka mpaka na fomu, anaandika alichokiona.

Mkaguzi ndiye mimi.

Na niseme ukweli, cheo kilinipanda kichwani. Kuna bibi mmoja nilishawahi kumwandikia barua ya onyo kisa mjukuu wake kasahau baiskeli uwandani.

Sasa huyu mzee Orrin Thibault, rafiki wa damu wa marehemu mume wangu, ananichemkia mbele ya macho yangu.

"Mzee Orrin, hilo ni nini?"

"Hodhi."

"Hodhi la nini?"

"La kunyweshea ng'ombe. Sheria yenu inaruhusu mifugo, au nadanganya?"

"Ng'ombe yuko wapi?"

Akanywa kahawa taratibu. "Yuko njiani."

"Kwani kwako hakuna bafu?"

"Lipo. Ila halina dirisha."

Fomu yetu ina sehemu ya "mengineyo". Nikaandika: *Mwanaume, miaka sabini na minne, anachemka.*

Nikadhani nimemaliza.

Jumamosi iliyofuata ng'ombe akafika kweli. Orrin alimwazima kwa binamu yake, jike kubwa la madoa linaloitwa Bernadette. Nilipotokea, Bernadette kazamisha mdomo hodhini, anakoroga maji ya sabuni. Na Orrin yumo humo humo!

"Umeona, shemeji? Anakunywa."

"Anakunywa wewe!"

Bernadette akapiga chafya. Povu likatua kwenye fomu yangu, likafuta tarehe.

Hapo nikawaka. Nikaitisha kikao.

Tulikutana ukumbi wa kanisa, wajumbe saba na sinia la donati. Tulibishana saa mbili na nusu, nawaambia, watu wazima na akili zetu. Mwishowe mwenyekiti wetu, Mama Prudence, akagonga meza.

"Mtu akiwemo, ni bafu. Asipokuwemo, ni hodhi la mifugo. Tumemaliza."

"Na wakiwemo wote wawili?" mjumbe mmoja akauliza.

Watu wakachukua donati.

Nikasimama. "Mimi nataka mpima ardhi. Apime mpaka wote, kona zote nne. Hodhi likiwa ndani hata kwa kidole, twende mahakamani."

Orrin alikuwa amekaa nyuma kabisa. Akainuka polepole, kofia mkononi.

"Shemeji, nakuomba. Usilete mpima. Hodhi naliondoa leo leo."

Nikajisemea, ahaa, nimembana.

"Umechelewa, mzee wangu."

Akarudisha kofia kichwani. Akakaa.

Mwanzoni mwa Novemba mpima akaja, binti mmoja anaitwa Simone, na vyombo vyake vya miguu mitatu. Kamati nzima ikatoka kushuhudia. Miaka yote tulikuwa tunafuata ramani ya kuchorwa kwa mkono, kwa hiyo kila mtu alikuwa na hamu.

Kona ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Akapima hodhi.

"Liko nje ya uwanda," akasema Simone. "Futi moja na nusu. Hapa ni kwake mwenyewe."

Nikahisi masikio yanapata moto. Wajumbe wakaanza kukohoa vile vikohozi vya kuficha kicheko.

"Endelea," nikamwambia. "Kona bado mbili."

Ya tatu, sawa. Ya nne, kile chuma kinachozikwa kuonyesha mpaka hakionekani. Simone akawasha kile kidude cha kunusa chuma, akakifuata. Kikampeleka kusini. Kikamwingiza uani kwangu. Kikampandisha ngazi za varanda yangu ya nyuma, na pale kikapiga yowe.

Akachungulia kwenye upenyo wa mbao kwa tochi.

"Mama, chuma kiko hapa chini. Varanda yako karibu yote imo ndani ya uwanda. Futi tisa."

Futi tisa!

Ile varanda Alden aliijenga kiangazi chake cha mwisho. Na aliyemshikia nguzo alikuwa Orrin.

Nikamgeukia. Alikuwa anakagua viatu vyake.

"Ulijua?"

"Hicho chuma tulikiona tukichimba mashimo ya nguzo. Nikamwambia, kaka, hapa si kwako, rudi nyuma. Akasema, kaka, Lorna anataka pa kukaa auone uwanda, na mimi muda sina. Akaniapisha."

"Mbona hukusema? Wiki zote hizi nakusumbua!"

"Ningesemaje, shemeji? Ungejiandikia barua."

Mama Prudence akaangua kicheko. Mimi nikaangua kilio, kisha sijui nini kikanipata, nikacheka na machozi yangu usoni.

Sheria ni sheria. Fomu niliijaza mwenyewe, kwenye jina la mkosaji nikaandika langu kwa herufi kubwa. Kabla theluji haijashika tukaikata ile varanda. Orrin kashika msumeno upande mmoja, mimi mwingine, na kila ubao ulipodondoka tulikuwa tunasimama kidogo.

Kilibaki kipande cha kutosha kiti kimoja, tena kimekaa upande.

Orrin akanisogezea kiti, akarudi nyuma, akapima kwa macho.

"Shemeji, ukikunja miguu huvunji sheria."

Nikakunja miguu. Uwanda wote ukawa mbele yangu.

Ndugu zangu, ukipewa kazi ya kukagua mipaka ya watu, anzia kwako. Na mtu akikuomba uache jambo, usikimbilie kudhani anajificha. Muulize kwanza anamficha nani.