Mungu wa Milioni na Mtoto Nisiyemhesabu

Jumamosi moja, katika jumba la makumbusho hapa Stockholm, nilimkuta mungu wa Wamisri amepiga magoti ndani ya kabati la kioo, kila mkono umeshika ufito wa mtende uliochanjwa alama. Mwanangu wa miaka kumi, aliyekuwa na kazi ya shule, alinieleza kwa Kiswidi chake kwamba kila alama ni mwaka, na mungu mwenyewe ni namba: milioni. Tena ndiye miaka isiyo na mwisho. Kwao, alisema, milioni na milele ziliandikwa kwa mchoro wa mtu huyohuyo.

Nilimkasirikia yule mungu, mtu mzima mimi. Wamisri walihesabu bila woga: walichora vijiti vitatu kwa kitu chochote kilicho kingi, tisa kwa maadui wote wa mfalme. Kwetu Uvira mtoto hahesabiwi. Mama yangu alinichapa siku niliponyoosha kidole kuhesabu wadogo zangu waliozunguka sahani ya bugali. Ukimhesabu mtoto, alisema, unakionyesha kifo njia.

Kwa hiyo siku ya mahojiano ya ukimbizi, afisa aliponiuliza nina watoto wangapi, nilisema wawili. Hao nilikuja nao, macho yake yalikuwa yameshawahesabu. Binti yangu mkubwa nilikuwa nimemwacha Bujumbura kwa dada yangu, anatetemeka kwa malaria. Mtoto yuko hoi, halafu nimtie kwenye hesabu? Nilidhani namkinga. Mjinga mimi.

Nilipoomba aletwe, wakafungua faili: ulisema wawili. Nikaeleza mila yetu. Mkalimani, Mkongomani mwenzangu aliyeijua vizuri, alitafsiri huku anatazama meza. Nikakata rufaa, nikangoja, nikakata tena, miaka sita. Wiki ile ya makumbusho barua ya mwisho ilikuwa imefika, na niliibeba mkobani bila kumwambia mtu. Binti ametimiza miaka kumi na minane, waliandika, si mtoto tena. Majuto ni mjukuu, lakini wangu alikuja na mihuri.

Tuliporudi mtaani kwetu Rinkeby nilinunua kadi ya simu, nikampigia. Nilimsomea barua. Nikamweleza tena habari ya mila, ya bibi yake, ya homa ile, nikilia.

Akasema, "Mama, mimi nilipona wiki ileile. Ungenihesabu tu."