Upepo wa Madirisha Mawili

Spasenka Dimoska alikuwa mtu wa hasira tangu utotoni, na waliomfahamu pale Jelovdol hawakuona ajabu. Atakosaje hasira mtoto aliyekulia chini ya dohani la tanuri la chuma, akianua nguo zikiwa chafu kuliko alivyozianika? Baba yake alifanya kazi kwenye tanuri hilo mpaka mapafu yakamkatalia. Mama yake, bibi Trena, hakuwahi kukanyaga kiwandani hata siku moja, lakini siku hizi naye alipumua kwa msaada wa chupa ya oksijeni, mpira umemkaa puani. Kiwanda kilikuwa kimemwajiri bila kumwambia.

Hasira hizo ndizo zilizompeleka chuo kikuu kwenye mji mkuu, na ndizo zilizomfanya yeye na mwenzake Gorjan Petkoski, walipomaliza masomo, waanzishe kituo chao jikoni kwa Gorjan, juu ya duka la bureki, mikate ya tabaka yenye jibini. Kituo Huru cha Masuala ya Kujiunga na Ulaya. Neno "huru" Spasenka alilipaka rangi mwenyewe kwenye kibao cha mlangoni, kubwa kuliko mengine yote. Kazi yao ilikuwa kuitazama serikali ikijikosha mbele ya Brussels, makao makuu ya Umoja wa Ulaya, kisha kuandika ukweli. Serikali ikisema mahakama zimesafishwa, wao wanakwenda kukaa mahakamani. Ikisema machinjio yana maji ya moto, wao wanafungua bomba. Ikafika mahali wakubwa wa Umoja wa Ulaya hawaandiki taarifa yao ya mwaka kabla hawajasoma ya kituo.

Miaka ikaenda, na nchi ikabaki mlangoni mwa Ulaya imeshika kofia mkononi, leo inaambiwa irekebishe hiki, kesho kile. Mtoto wa pekee wa Spasenka hakungoja Ulaya ije. Aliifuata mwenyewe, na sasa anaendesha kreni Stuttgart, Ujerumani, na kumpigia mama yake simu Jumapili. Mume alikuwa ameondoka zamani, kwa sababu zisizohusiana na Ulaya. Spasenka akabaki na mama yake, na kituo, na ile sura ya mazingira katika taarifa ya kila mwaka, ambayo hakuruhusu mtu mwingine aiandike.

Mwaka huu sura hiyo ilibeba sentensi moja nzito: kiwanda cha Jelovdol bado hakijafunga vichujio vya moshi, na kisiongezewe muda tena. Sheria ilikuwa imeshapitishwa, kwa kuwa Ulaya iliitaka. Mwenye kiwanda alikuwa ameongezewa muda, akaongezewa tena, na majira haya ya baridi ndiyo yalikuwa kikomo. Kituo kikiandika kwamba hakuna kilichofanyika, Brussels itaibana serikali, na serikali itambana yeye. Kikiandika kwamba mambo yanakwenda, atapewa muda mwingine. Bibi Trena hakuwa na muda mwingine wa kumpa mtu.

Taarifa ilipotoka kwa mchapaji, Spasenka alifungua sura yake hata kabla ya kuvua koti. Sentensi yake haikuwepo. Mahali pake palikuwa na nyingine: "Katika ubora wa hewa kumekuwa na maendeleo kiasi."

Aliingia ofisini kwa Gorjan bila kubisha.

"Nani kaigusa sura yangu?"

"Kaa basi, Spase. Unakunywa kahawa?"

"Sikuja kunywa. Nimeuliza nani kaigusa."

Gorjan alikoroga kahawa yake taratibu. "Tumeilainisha kidogo tu. Kama tukiwa wakali mno mwaka huu, tunawapa sababu wale wasiotutaka."

"Wasiotutaka sisi nani? Wewe na nani?"

"Usianze."

"Ni kweli serikali inakuingiza kwenye timu ya mazungumzo na Brussels?"

Gorjan alirekebisha tai. Zamani hakuwa na tai hata moja. "Ni heshima kwa kituo kizima."

"Heshima! Mama yangu ale moshi ili wewe upate kiti!"

"Usinipandishie sauti, dada. Kila mtu ana mama."

"Wako yuko mlimani, anapumua misonobari!"

"Taarifa imeshachapwa," Gorjan akasema, na sauti yake ikawa ya mtu anayehutubia. "Jumatano tunaizindua huko huko Jelovdol, wananchi waone kwamba tunawajali. Wewe utasoma muhtasari wa sura yako. Au nimpe mwingine?"

Spasenka alitamani kummwagia ile kahawa. Huyu ndiye aliyekuwa akila naye kipande kimoja cha bureki wakiandika usiku na mchana, na leo anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa kama mgeni kutoka wizarani. Lakini alijua akikataa, atasoma mwingine, na atasoma akitabasamu.

"Nitasoma," akasema, akatoka na mlango ukajibamiza nyuma yake.

Jumatano asubuhi alikuwa jikoni kwa mama yake akichoma pilipili, na jiko likajaa moshi. Akafungua dirisha. Mlango wa nyuma nao ulikuwa wazi.

"Funga!" bibi Trena akapiga kelele kutoka kitandani. "Unataka kuniua? Upepo!"

"Mama, kinachokuua ni kile kule, chenye dohani."

"Baba yako aliuawa na upepo. Alitoka tanurini ana jasho, akasimama kati ya milango miwili. Nilimwambia."

"Baba alikuwa na mapafu meusi. Daktari alisema."

"Kwani daktari alikuwepo mlangoni?"

Spasenka akafunga dirisha kwa nguvu mpaka kioo kikalia. Hili ndilo lililomkata maini kuliko Gorjan. Mji mzima ulikuwa hivi. Jino likiuma, ni upepo. Shingo ikikakamaa, figo zikivuta, mimba ikitoka, ni upepo ulioingia dirisha hili ukatokea lile. Watu waliovuta moshi wa chuma maisha yao yote walikuwa wakiziba nyufa kwa blanketi wasije wakapigwa na baridi kiunoni. Moshi hawakuutaja. Moshi ulikuwa kama mkwe mkorofi aliyekwishazoeleka, na sasa hakuna anayemwambia kitu.

Ukumbi wa utamaduni ulijaa. Mbele waliketi Gorjan, meya wa mji, na Bi Marleen, mwanamke mrefu aliyetumwa na ofisi ya Umoja wa Ulaya. Wageni wa mji mkuu walikuwa wamekuja na mashine zao za kusafisha hewa, zikinguruma kwenye pembe, na madirisha yote yalikuwa yamezibwa kwa utepe. Bibi Trena aliletwa na majirani, akawekwa safu ya kwanza na chupa yake ya oksijeni, mabegani ana shali juu ya shali. Gorjan alizungumza vizuri, kama kawaida yake. Alisema nchi inasonga mbele. Kisha akamkaribisha Spasenka.

Spasenka alisimama. Alitazama ule ukurasa, akaona kwamba mdomo wake hautayasema yale maneno hata akilazimishwa. Akauacha mezani. Akaenda dirisha la upande wa barabara, akabandua utepe, akalifungua wazi. Kisha akaupita umati wote mpaka upande wa pili, unaotazamana na kiwanda, akafungua na la huko.

Upepo ukapita katikati ya ukumbi na kuja na moshi, wa manjano, wenye harufu ya kutu na mayai yaliyooza, ukaingia kama mwenye nyumba. Karatasi zikaruka.

"Upepo!" watu wakapiga kelele. "Funga, tutakufa!" Meya akajifunga skafu kiunoni. Mwanamke mmoja akamfunika mwanawe masikio.

"Mnaona?" Spasenka alikuwa akifoka sasa, machozi yanamtoka, na hakujali. "Mnaogopa upepo! Hakuna hata mmoja aliyesema moshi! Tumezikana hapa miaka yote hii, na kila msiba tunasingizia dirisha!" Akauokota ukurasa, akaubamiza mbele ya Gorjan. "Umeandika wewe. Soma wewe."

Gorjan alimtabasamia Bi Marleen, akainuka. "Katika ubora wa hewa," akaanza, "kumekuwa na..." Kikohozi kikambana. Akajaribu tena, kikambana tena. "Fungeni madirisha kwanza," akasema, na vijana wake wakakimbilia.

"Acheni wazi."

Aliyesema ni bibi Trena. Wale vijana wakasimama, kwa maana hata wao walikuwa wamesikia kwamba bibi huyu ukifungua mlango nyumbani kwake anakufukuza.

"Bibi, upepo utakudhuru," meya akasema.

"Naujua upepo kuliko wewe, mwanangu. Acheni wazi. Huyu bwana anasema hewa imekuwa nzuri. Asome mpaka mwisho, nasi tumsikilize humu humu kwenye hewa yake."

Hakuna aliyefunga. Vikongwe wa Jelovdol wakajivuta shali shingoni, wakakaa palepale kwenye upepo waliouogopa tangu kuzaliwa, wakamkazia macho Gorjan. Hakuweza kusoma. Bi Marleen alijifuta macho kwa leso, akaitazama leso ilivyochafuka, akauliza kwa lugha yao akikwamakwama, "Bwana Petkoski, sentensi hii ilikuwa hivi tangu mwanzo?"

Gorjan alimtazama Spasenka, akiomba msaada kama zamani jikoni. Spasenka hakumpa.

"Kulikuwa na nyingine," Gorjan akasema.

"Naiomba hiyo."

Baada ya Mwaka Mpya taarifa ya Umoja wa Ulaya ikatoka, na sentensi ya Spasenka ilikuwemo, karibu neno kwa neno. Kituo nacho kilichapa upya taarifa yake. Sentensi ilirudi, jina la Spasenka likaondolewa, na meza yake akapewa mtu mwingine. Kibao chenye neno "huru" bado kipo mlangoni.

Habari hizo Spasenka alimsomea mama yake kutoka kwenye simu yake, wakiwa jikoni. Bibi Trena alikuwa amejifunga mkanda wa sufu kiunoni, maana tangu siku ile figo zilimvuta, na alimlaumu mtu mmoja tu, aliyefungua madirisha.

"Kwa hiyo vichujio wameshaweka?" akauliza.

"Bado, mama. Wameandika tu."

Bibi Trena aliuweka sawa mpira puani. Dirishani dohani lilionekana, linatoa moshi kama jana.

"Kafunge kwanza ule mlango wa nyuma," akasema. "Halafu hizo hasira zako usizimalizie kwa Gorjan. Utazihitaji."