Nilivyoitwa Mtazamiaji Siku ya Posa Yangu

Mpaka leo mtu akiitaja Makunduchi mbele yangu naangalia chini kwa haya, na nawahadithia nyinyi kwa kuwa najua nusu yake mshaisikia barazani.

Nilikuwa namposa Rahma, binti wa huko Makunduchi. Kwetu mposaji hubaki nyumbani, washenga ndio wanaokwenda, lakini mimi (kichwa kigumu) nikang'ang'ania kufuatana na ami yangu Khamis ili baba yake Rahma, ambaye ni imamu, anione mwenyewe. Ami akanitambulisha vizuri tu, kijana wetu ni mwalimu wa fizikia, na mambo yangeishia hapo. Mimi nikaona ualimu mtupu haunitoshi, maana nasomea shahada ya pili juu ya chembe zenye chaji huko juu angani, basi nikasafisha koo nikadakia:

"Na pia nnatazamia anga."

Wallahi nilikusudia kuchunguza. Lakini mnajua kwetu mtu anayetazamia ni nani, ni yule wa bao na ramli, na imamu akakiweka chini kikombe cha kahawa akaniuliza natazamia kwa bao au kwa kitabu. Nikamjibu, kwa redio. Ami akanikanyaga mguu, nikadhani ananipa moyo, nikaendelea kwamba vitu vyenyewe havionekani ila vinaleta ishara, na kila msimu vinabadilika, huko juu kukizidi baridi vinajikusanyia maji vikawa vizito, kukipata joto vinayaachia. Shangazi yake Rahma akauliza nyuma ya pazia:

"Na humu ndani vimo?"

Nikamtuliza (ndivyo nilivyodhani) kuwa vinakaa juu, ila mchana vinazidi nguvu. Hapo nikamsikia imamu anasoma audhu, na ndipo nilipozinduka.

"Siyo mashetani, baba," nikamwambia. "Ni ioni."

"Ndiyo jina lake huyo?"

Ami akaninyanyua kwa mkono. Tulitoka bila hata kuaga vizuri.

Jibu lilikuja kwamba kijana hana ubaya, ila atubu kwanza, mbele ya watu, msikitini. Rahma analia, nami nampenda, kwa hiyo Ijumaa hii nakwenda kutubia dhambi nisiyoifanya. Nimeapa sitafungua mdomo, ami ndiye atakayesema kila kitu. Ninachokiogopa ni imamu kunigeukia mwenyewe aniulize natubia nini hasa.