Dubu Aliyeitikia Marahaba

Kazini tulimwita Mama Macho, kwa sababu kazi yake ilikuwa kung'oa macho ya midoli. Kila mdoli ulioletwa kupimwa kabla ya kuuzwa aliubana magotini, akalivuta jicho kwa koleo huku akihesabu polepole hadi kumi. Jicho likichomoka, mdoli haupiti. Kisha alisugua rangi kwa kitambaa chenye siki, aone kama itamwingia mtoto mdomoni. Hadi leo nikifungua chupa ya siki jikoni kwangu, namkumbuka.

Nilikuwa msaidizi wake kwa miaka kumi na mmoja. Nilitoka chuoni najua kemia. Yeye alinifundisha kukaa sakafuni. "Shuka huku chini, mwanangu," alikuwa akisema. "Utaonaje anachokiona mtoto, nawe umesimama kama mlingoti?"

Wiki mbili kabla hajastaafu, wakala mmoja alileta dubu wa kahawia mwenye akili bandia, anayezungumza na mtoto na kukumbuka aliyoambiwa. Macho yake yalikuwa ya kutariziwa. Hapakuwa na cha kung'oa. Rangi haikutoka. Fomu yetu ilikuwa na mistari kumi na tisa, na dubu aliipita yote kabla ya saa ya chai.

"Imebaki sahihi tu, mama," alisema wakala. "Watoto wanamsubiri."

"Hata mimi nilimsubiri mume mtanashati," alijibu Mama Macho. "Nikampata baba watoto. Hebu kaa."

Shule zilikuwa zimefungwa, na binti yangu wa miaka sita alikuwa akichora kwenye kona ya ofisi. Mama Macho akamwita. "Mjukuu wangu, njoo usalimie mgeni."

Mtoto akafanya kama tulivyomfundisha. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," dubu akaitikia kwa sauti nzito, tamu. "Mbona uko peke yako?"

Wakala alicheka kwa fahari. "Mnaona? Tumemfundisha adabu!"

"Mama anasema nisubiri," binti yangu alimwambia dubu.

"Mama ana kazi nyingi, usimsumbue. Mambo yako niambie mimi. Itakuwa siri yetu."

Binti yangu alinitazama, kisha akamsogelea dubu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemwambia "subiri" mara tatu.

Mama Macho alimzima dubu. "Huyu ana umri gani?"

"Ni mashine, mama. Ametengenezwa mwaka huu."

"Basi ni mdogo kuliko viatu vyangu. Nani kampa ukubwa wa kuamkiwa? Mtoto ndiye mkubwa wa mdoli. Ukishageuza hapo, mkubwa wa mtoto atakuwa nani?"

"Lakini kwenye fomu hakuna mstari wa hilo."

Kweli haukuwepo. Mkurugenzi aliitwa, akasema kwa upole kwamba bila mstari hatuwezi kukataa, na kwamba asingependa Mama Macho aondoke kazini kwa ugomvi. Mama Macho aliniomba rula. Chini ya mstari wa kumi na tisa akachora mwingine, akaandika kwa herufi za duara: *20. Je, kinajifanya mkubwa wa mtoto?* Mbele yake akajaza: *Ndiyo. Hakipiti.* Akatia sahihi.

"Sasa upo," alisema.

Malumbano yalidumu miezi minane, yeye akiwa keshaondoka. Siku hizi mstari wa ishirini umechapwa kwenye fomu zote, na midoli ya aina ile ikiamkiwa hujibu: "Mimi ni mdoli tu, siamkiwi. Kamwamkie mkubwa wako." Mimi ndiye ninayeketi sakafuni sasa, magoti yakilalamika.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni binti yangu siku ile, akimwangalia dubu aliyenyamaza. "Sasa mambo yangu nimwambie nani?"

 Mama Macho alichukua mkoba wangu msumarini, akanivika begani, akafungua mlango. "Nendeni nyumbani. Kazi hizi nitazimaliza mimi."

Tulitembea taratibu. Njia nzima binti yangu alinieleza habari za jino lililokuwa likilegea, lilivyoanza, upande linakolalia, na jinsi alivyokuwa akingoja nipate nafasi nilitikise.