Koti la Bluu Kwenye Ukuta wa Mtaa wa Zamani

Kampuni ya soda ilipaka duka la kwanza rangi nyekundu mwanzoni mwa wiki, na wiki ilipoisha nusu ya mtaa wa zamani ilikuwa inawaka. Wenye maduka walifurahi. Kwa miaka mingi rangi ilikuwa haipatikani, na sasa watu wanakuja na gari, ngazi na makopo, wanakupakia ukuta bure, na jina lako wanaliandika pembeni kwa herufi ndogo. Baada ya soda ikaja sabuni, kisha betri za redio. Mimi nilikuwa ofisa mipango katika ofisi ya mji, kijana wa Tanga niliyeletwa Songea na barua ya uhamisho, na nilikasirika utadhani nyumba zile alizijenga babu yangu.

Lakini zilistahili mtu wa kuzitetea. Zilikuwa na kuta nene za matofali ya kuchoma, baraza pana zenye nguzo za mbao, na milango mizito ambayo mafundi wake walikuwa wamekwisha kufa zamani. Nikaandika kanuni. Kuta zote za mtaa wa zamani ziwe nyeupe. Kila duka liwe na kibao kimoja tu juu ya mlango, herufi nyeusi. Na tangazo lolote lililochorwa ukutani lifutwe. Nililipenda sana hilo neno "lolote". Niliona ni neno la mtu asiyeyumba.

Wakati huo nilipanga chumba Ruhuwiko kwa mama mmoja mjane, Mngoni, Mkatoliki asiyekosa misa. Aliniita baba, na tangu mwezi wa kwanza alinipikia, ingawa hayakuwa mapatano yetu. Alisema mtu hawezi kula mkate wa dukani kila siku akabaki na akili. Ramadhani ilipofika alinipikia uji wa kufuturu, akauliza kama sukari imekaa sawa na ya kwetu. Marehemu mumewe alikuwa fundi cherehani, na duka lake lilikuwa kwenye mtaa ule ule wa zamani. Mitumba ilikuwa imekwisha maliza kazi ya kushona, lakini mama aliendelea kukaa dukani akiuza nyuzi na vifungo.

Kando ya mlango wa duka, fundi alikuwa amechora koti la bluu kwa mkono wake mwenyewe. Kola ilipanda upande mmoja, vifungo vilikuwa vitatu, na chini yake aliandika: SUTI NA KAUNDA SIKU MBILI TU. Mama alikuwa akinichekesha kwa hayo maandishi. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona suti iliyotoka kwa siku mbili.

Koti lile lilikuwa tangazo, na limechorwa ukutani. Ningeweza kuongeza sentensi moja tu, kwamba michoro ya zamani ya wenye maduka wenyewe ibaki. Kwa kweli hiyo ndiyo ingekuwa maana ya kazi yote. Lakini mwenzangu wa ofisini alisoma orodha ya maduka yatakayopewa barua, akacheka.

"Na mama mwenye nyumba wako yumo? Haya, hapo tutakuona."

Basi nikamweka wa kwanza kwenye orodha. Barua zilichukua wiki tatu kuchapwa na kupigwa mihuri, na wiki zote tatu nilikaa mezani kwake, nikala ugali wake na samaki mbasa wa kukausha, tukaongea mvua na bei ya mbolea. Sikumwambia. Nilijiona mwadilifu, mtu asiyechanganya nyumbani na kazini. Leo nasema wazi kwamba niliogopa maneno ya watu.

Siku ya kugawa barua nilianzia kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umesahau nini nyumbani?"

Nikampa barua, nikamwomba asaini kitabu, nikaondoka haraka kwenda duka la pili. Barua ilisema tangazo lifutwe mara moja. Zote zilisema hivyo, ndivyo tulivyozoea kuandika. Wenye maduka wengine walizikunja wakaziweka chini ya mizani, maana kila mfanyabiashara mjini alijua kwamba ofisi haiji mpaka barua ya tatu. Zile kuta nyekundu zilikaa karibu mwaka mzima.

Niliporudi mtaani alasiri, nilimkuta mama amesimama juu ya kigoda, kitenge amekikaza kiunoni, ndoo ya chokaa pembeni. Ukuta ulikuwa mweupe, bado unatiririka maji. Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta, kwa hiyo alianza kwa kuukwangua kwa panga. Vipande vya rangi ya bluu vilikuwa vimetapakaa barazani, vidogo kama maganda ya vitunguu.

"Mama, mbona leo leo?"

"Si mmesema mara moja?" Hakugeuka. "Nikasema, baba huyu ni mgeni hapa, wakubwa zake wasije wakamgombeza kwa ajili yangu."

Nilisimama pale na kitabu changu cha saini kwapani. Nilitamani anitukane.

"Nilimfuata mpiga picha hapo mlango wa tatu, aupige ukuta kwanza," akasema. "Ameenda Namtumbo, kuna harusi. Anarudi kesho. Sura ya mzee ninayo, tulipiga siku ya ndoa. Mwandiko wake ndio sina. Kuandika hakupenda, hata barua aliandikiwa na watu. Alichoandika mwenyewe ni hiki tu."

Akashuka kwenye kigoda, akachukua ufagio, akaanza kukusanya vile vipande barazani. Nilipotaka kumsaidia akanisogeza kwa mkono, bila hasira, kama mtu anayesogeza kiti kilichomzuia njia.

"Wewe ulijua lini, baba?"

Nikasema wiki tatu.

Akafagia mpaka ukingo wa baraza.

"Na kila siku tunakula pamoja," akasema.