Kitukuu Hajavuka Jeneza

Kilichoonekana kwanza mikononi mwa Evelina Chaplin siku ile kilikuwa kikombe. Wenzake walishika maua. Yeye alikumbatia kikombe cha bati alichonywea mumewe, Isaiah, maji ya mwisho. Kingekaa juu ya kaburi, kama vyombo vya wazee wote waliolala pale kando ya maji chumvi.

Tatizo lilikuwa geti. Tangu wenye viwanja vya gofu wazungushie ukuta upande ule wa kisiwa, hata kuzika kulihitaji kibali, na kibali kiliisha saa nane. Ilikuwa saa saba na nusu. Jeneza lilikuwa juu ya mbao, tayari kushushwa, na kitukuu Josiah, wa miezi minne, alikuwa bado njiani na mama yake, Keturah.

"Dada Evelina, tushushe," alinong'ona shemasi Prioleau. "Mlinzi ametazama saa mara tatu."

"Aitazame mpaka ishike kutu. Mtoto hajapitishwa."

"Wifi," alisema Hagar, dada wa marehemu, "kaka yangu hakujua kungoja. Unamjua."

"Basi leo atajifunza."

Hagar alicheka, kisha akajifuta macho. Isaiah alikufa akimwita Josiah, na maiti aliyempenda mtoto kiasi kile humrudia kumchukua asipovushwa juu ya jeneza, mkono kwa mkono. Evelina aliwahi kuikataa desturi hiyo. Alikuwa ametoka kusoma ng'ambo, na kwenye maziko ya mama mkwe wake alimficha mwanawe Abel kifuani, akasema huo ni ushamba. Kabla mwezi haujaisha walichimba kaburi dogo. Lilikuwa pale, hatua nne kutoka aliposimama, na kijiko cha uji juu yake.

Simu ya Hagar ililia, akaiweka sauti ya wazi.

"Bibi, wamenizuia getini!" Keturah alikuwa akilia. "Wanasema jina langu halimo kwenye orodha!"

Evelina alimgeukia mlinzi aliyekuwa akiwasimamia pale kaburini.

"Mwanangu, mwambie mwenzako afungue. Nakuomba."

"Orodha si yangu, mama."

"Nilishazika mmoja hapa kwa ujuaji wangu. Usinizikishe wa pili kwa karatasi."

Kijana alikitazama kile kijiko, akainua redio yake, akazungumza kwa sauti ya chini. Redio ilikoroma, ikanyamaza.

Saa nane kasoro dakika sita. Evelina alikiweka kikombe chini kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, akanyoosha mikono juu ya jeneza. Ng'ambo ya pili Hagar akanyoosha yake. Wote wawili waligeuza nyuso kuelekea barabarani, atakakotokea mtoto.